Diski Aliyotumiwa Ismaili

Bumbuli,
11 Machi 2004

Kwa kaka yangu mpendwa Ismaili,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, wifi Mariamu na watoto, na kazi ya stoo inakwenda vizuri. Huku tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza mapema, ukungu unaingia mpaka jikoni na nguo hazikauki, lakini kabichi zangu zimeshika. Shemeji yako Omari anakusalimu, yuko Mponde kwenye chai. Mama anakusalimu sana. Ana kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kiatu cha mpira kilimchubua, na kwa vile ana sukari kinachelewa kupona. Lakini anatembea.

Nakuandikia kwa sababu ya ule mkanda wa baba, wa Maulidi ya mwisho kabla hajafariki, ule ambamo anaonekana anacheka na mjomba Idrisa. Juzi niliutoa kabatini nikakuta umeota ukungu mweupe pembeni, kama umemwagiwa unga. Mwalimu Hezekia, yule jirani yetu anayepiga picha za harusi, aliutazama akasema tukiuacha mwaka mwingine utanata na kukatika. Anasema siku hizi zipo mashine za nyumbani zinazochukua picha kwenye mkanda na kuirekodi kwenye diski, na diski haioti kitu. Lushoto hazipo. Tanga alipouliza walimwonyesha deki za kuchezea tu, zisizorekodi. Wewe uko Dar na mambo haya unayajua, tutafutie. Nilipomwambia mama kwamba mkanda unaoza, aliuchukua akaupakata jioni nzima.

Ukiileta mwenyewe itakuwa furaha mara mbili. Watoto wangu wanakujua kwa picha ya ukutani. Nijibu kwa barua, ukimpa kondakta wa basi letu inafika. Simu ya dukani kwa Fanueli haishiki mpaka mtu apande nayo kilimani, na mama anasema kwenye simu hasikii ila upepo.

Mdogo wako,
Zakia


Buguruni, Dar es Salaam,
4 Aprili 2004

Kwa mdogo wangu Zakia,

Wa alaykum salaam, na marahaba sana. Sisi wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie hicho kidonda asikidharau, akioshe kwa maji ya chumvi na aache kushinda shambani.

Mashine nimepata. Nimezunguka Kariakoo Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka wauza redio wakaanza kuniita mkaguzi. Nikueleze, ujue kaka yako hakununua kwa macho. Zipo zilizotoka Marekani, mpya kabisa na bei ya chini, nikakaribia kuingia mtegoni. Kumbe zinataka umeme nusu ya wetu, na picha yake kwenye televisheni zetu inaruka haina rangi. Zipo zenye ghala ndani, zinahifadhi picha bila diski yoyote, lakini hizo ni za watu wa studio. Mimi nimechukua yenye midomo miwili, huku unaingiza mkanda, huku diski, katikati hakuna waya. Mkanda wa baba unaingia upande mmoja, baba anatokea upande wa pili. Ni ya Kijapani na imekuja kwa njia ya Dubai.

Sasa diski, hapa ndipo watu wengi wanapotupa fedha. Diski tupu zote zinafanana kwa sura, ila moja imeandikwa R kwa alama ya kutoa, nyingine kwa alama ya kujumlisha. Mashine yako inakula ya kutoa tu. Ukiipa ya kujumlisha itaitema. Zipo pia zinazofutika na kurekodiwa upya, nimezikataa, maana mtoto akibonyeza vibaya baba anafutika. Nimekuwekea boksi zima la zile za kutoa. Rekodi kwa kipimo cha saa mbili, picha inakuwa safi. Ukilazimisha diski moja ibebe saa sita, watu watakuwa vitofali. Kamera ya mwalimu Hezekia ichomekwe kwa mbele, waya wa njano kwenye njano, mwekundu kwenye mwekundu, mweupe kwenye mweupe.

Kitabu chake kinene, Kiingereza na Kiarabu. Usikihangaikie. Yote ya lazima nimekuandikia hapa.

Mzigo nimempa kondakta, muupokee mkono kwa mkono. Nilitaka kuuleta mwenyewe, lakini stoo tuna hesabu ya mali na tajiri haruhusu mtu kutoka. Maulidi nitajitahidi nije. Mwambie mama hivyo.

Kaka yako,
Ismaili


Bumbuli,
9 Mei 2004

Kwa kaka Ismaili,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hatujambo kiasi, na tunaomba nanyi mko salama. Maulidi imepita. Tulikuwekea wali mpaka asubuhi, tukajua kazi imekubana.

Mashine ilifika haina mkwaruzo. Mwalimu Hezekia aliifunga kwenye televisheni yetu, tukatia mkanda huku na diski huku kama ulivyosema, na baba akatokea. Kaka, nyumba ilijaa. Baba alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, na mjomba Idrisa, mtu mzima yule, akatoka nje akasimama ametupa mgongo. Mama alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo. Ilipokwisha akasema, "Rudisha pale anaponiita." Mimi sikuwa hata nimesikia kwamba anamwita. Tukarudisha, kweli yupo, anasema, "Mwanahawa, leta maji." Alisikiliza hapo tu, mara nyingi.

Sasa jambo la pili, na hili ni zito. Kidonda hakikupona. Kidole kimekuwa cheusi na weusi unapanda. Tulimpeleka hospitali, wakatuambia wazi, mguu ukatwe chini ya goti mapema, atapona na ataishi. Ukichelewa hawaahidi kitu. Mama amekataa. Anasema alikuja duniani na miguu miwili ataondoka nayo. Mimi nimelia, Omari amembembeleza, mjomba amekaa naye siku nzima. Mjomba anasema hatuwezi kumbeba mtu mzima kwa nguvu, mwenye neno la mwisho ni wewe mtoto wake mkubwa.

Nilimwambia mama twende kilimani tukupigie simu, Omari atambeba. Akasema habari za mguu wake hazipigiwi kelele kilimani. Kisha akaniuliza, "Ile mashine inaweza kuchukua maneno yangu yakaenda kwa Ismaili?" Nikasema inaweza. Mwalimu Hezekia akaleta kamera, akaiweka juu ya meza na kuunganisha nyaya. Kamera haikuwa na mkanda ndani, picha ilikwenda moja kwa moja kwenye diski. Mama akatutoa wote nje, hata mwalimu, akasema tufunge mlango. Tulikaa barazani tunasikia sauti yake tu, maneno hapana. Alipomaliza akaniita nizime. Nilitaka kuitazama kama imeshika, akanizuia. "Ni ya Ismaili," alisema.

Ndiyo hii, nimeifunga ndani ya kitambaa. Neno lake liko humo. Itazame upesi utujibu upesi, kaka. Hospitali wanasubiri.

Mdogo wako,
Zakia


Buguruni,
30 Mei 2004

Kwa Zakia,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Sisi wazima, mtoto wa mwisho alishikwa na malaria lakini anaendelea vizuri. Samahani kwa kuchelewa, stoo imetutoa jasho mwezi huu.

Diski nimeipata na nimeitazama. Picha safi kabisa, na sauti safi, mwambie mwalimu Hezekia amefanya kazi nzuri. Sikuweza kujizuia, nililia mbele ya wifi yako. Mwambie mama nimesikia yote aliyosema, neno kwa neno, na nimekubali. Iwe kama alivyosema. Nanyi msimsumbue zaidi.

Msalimie mjomba. Nikipata nafasi nitakuja kabla ya baridi kuisha.

Kaka yako,
Ismaili


Bumbuli,
20 Juni 2004

Kwa kaka Ismaili,

Assalaam alaykum, shikamoo. Natumaini mtoto amepona.

Nilimsomea mama barua yako akiwa amelala. Nilipofika kwenye "nimekubali" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainuka akaketi, akaomba uji, akaunywa wote. Uso wake, kaka, sijauona hivyo tangu mguu uanze. Ameacha kabisa kubishana nasi. Tukimtaja daktari anatuambia kwa upole, "Ngojeni. Mimi na Ismaili tumeshaelewana."

Nikuulize lakini, usinikasirikie. Umekubali nini hasa? Mjomba anaelewa kwamba umekubali asikatwe, na kwa hiyo ametuambia tukae kimya. Mimi nimetii. Ila kila ninapomfungua kitambaa cha mguu roho inaniambia tunakosea. Harufu imeanza. Wauguzi wakija wananitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyekataa. Kama mama alikuambia jambo jingine, niambie. Kama ni hilohilo, niandikie kwa mkono wako "asikatwe", nitulie.

Mdogo wako,
Zakia


Bumbuli,
18 Julai 2004

Kaka,

Shikamoo. Barua yangu ya Juni uliipata? Kondakta anasema alikupa mkononi. Mama ana homa, chakula hali sana, lakini akili yake nzima. Nimempigia mtu wa kazini kwako kutoka kilimani, akasema umetoka. Tafadhali jibu, hata mstari mmoja.

Zakia


Buguruni,
22 Agosti 2004

Kwa mdogo wangu Zakia,

Assalaam alaykum. Natumaini mnaendelea na moyo wa subira baada ya msiba. Nilifika Dar salama.

Tangu nirudi sijaweza kula vizuri. Simu ya kifo cha mama ilinikuta nahesabu makopo ya rangi, na mtu aliyeniletea akaniachia simu yake nikiwa bado na kalamu mkononi. Nilipanda gari la kwanza, na tulipoanza kupanda kutoka Mombo nikawa naomba mngoje, huku najua hamwezi kungoja. Nilifika udongo umeshawekwa, mjomba anajipangusa mikono.

Siku zile za matanga watu walikuwa wanakuja kunishika mkono na kuniambia jambo moja. "Umemheshimu mama yako. Amekwenda na miguu yake." Hata shehe alilisema. Nawe ulikuwa umekaa na wanawake upande wa pili, ukanitazama, nikashindwa kukutazama.

Nisamehe kwa kutojibu barua zako mbili. Kazi ilikuwa nyingi. Najua si sababu ya kutosha. Kama kuna kitu chochote mnahitaji, mafuta, sukari, dawa za watoto, niandikie nitume na basi.

Kaka yako,
Ismaili


Bumbuli,
12 Septemba 2004

Kaka Ismaili,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sisi tupo. Hatuhitaji mafuta wala sukari.

Nina jambo la kukuuliza. Khitma ya mama tuliisomea Mponde kwa mjomba, nikachukua diski ya baba tuwaonyeshe na wa kule, maana mjomba sasa ana deki. Tukaitia, deki ikaandika hakuna diski. Nikaisafisha kwa kanga, ikakataa tena. Nikafikiri imeharibika. Tuliporudi nyumbani nikaitia kwenye mashine yetu, ikacheza kama kawaida, baba anacheka.

Nikamwita mwalimu Hezekia, akakaa na kile kitabu kinene ulichosema nisikihangaikie. Kuna kitu kinaitwa finalaizi. Ukishamaliza kurekodi lazima uiagize mashine iifunge diski. Usipoifunga, inasomwa na mashine iliyoirekodi peke yake. Mashine nyingine yoyote, iwe ya Bumbuli au ya Dar, inaiona tupu. Sisi hatukufunga hata moja, kwa sababu hatukujua.

Diski ya mama ilitoka kwenye mashine hiihii ikaingia kwenye kitambaa, haikufungwa.

Kaka, wewe uliitazama kwa mashine gani?

Zakia


Buguruni,
3 Oktoba 2004

Zakia,

Assalaam alaykum.

Sikuitazama.

Niliitia kwenye deki yangu siku ileile niliyoipokea, wifi yako na watoto wamekaa mbele, nimewatangazia bibi anakuja kuzungumza. Ikaandika hakuna diski. Nikaitoa nikaitia, hivyohivyo, mpaka watoto wakaondoka mmoja mmoja. Kesho yake nikaipeleka kwa yule fundi wa Kariakoo aliyeniuzia mashine. Akasema, "Mzee, hii tupu, hawajarekodi kitu." Nikajua nimekosea diski, au mmekosea nyie, na mimi ndiye niliyejaza kurasa mbili kukufundisha. Nikaona aibu. Ndiyo, Zakia, ni aibu tu, hakuna kitu kikubwa zaidi. Nikajiambia, mama atakuwa amesema nini? Zakia ameshaandika kwamba hataki kukatwa, basi amesema hataki. Nikaandika nimekubali.

Na nilifarijika. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilifarijika kwamba sikulazimika kuamua mimi.

Ulipouliza nimekubali nini, nikaona nikijibu ni lazima nidanganye mara ya pili au nikiri. Nikasema mwisho wa mwezi nitakwenda mwenyewe, nitamuuliza mama kwa mdomo wake. Mwisho wa mwezi ukafika, nikasema mwingine. Siku uliyopiga simu kazini nilikuwepo. Nilimpa mwenzangu ishara ya mkono.

Diski ninayo. Nitakuja nayo Idd.

Ismaili


Bumbuli,
24 Oktoba 2004

Kaka,

Nimeipata barua yako. Sijamwambia mjomba. Sijamwambia hata Omari.

Usiitume kwa basi. Ilete.

Zakia


Buguruni,
28 Novemba 2004

Kwa mdogo wangu Zakia,

Assalaam alaykum. Nilifika salama, na nawashukuru kwa chakula cha Idd na kwa namna ulivyonipokea. Sikustahili. Wasalimie watoto, wale sasa wananijua.

Uliondoka na watoto kwenda kwa mjomba ili uniache peke yangu na mashine. Uliporudi uliniuliza mlangoni, kiatu kimoja bado mguuni, "Alisema nini?" Nikakujibu, "Alikuwa anatuaga tu. Alisema hataki kukatwa, na ametusamehe wote." Ukakaa kwenye kigoda ukalia, nikakushika bega. Alfajiri nikaondoka kabla hujaamka vizuri.

Nilikudanganya tena. Njia nzima mpaka Soni, mpaka Mombo, mpaka Chalinze, nilikuwa najiambia hakuna anayejua ila mimi. Kisha nikakumbuka ulivyoniambia kule jikoni, kwamba ungembeba mama kwa nguvu mgongoni ukampeleka, na kwamba hutajisamehe kumtii. Ukibaki na hilo, nitakuwa nimekutwika kitu changu. Kwa hiyo nakuandikia alichosema, kama nilivyokisikia. Niliirudisha mara nyingi, sina shaka na neno lolote.

Amekaa kitandani, kanga ya kijani begani. Mwanzo anatazama pembeni, hajui aangalie wapi. Anasema kwa Kishambaa, nami nakuandikia hivi:

"Ismaili. Wamesema nikizungumza hapa unanisikia. Mimi nawaambia wenzako sitaki kukatwa mguu. Wameamini. Si kweli. Mimi naogopa. Mtu mzima kama mimi siwezi kumwambia Zakia naogopa, atalia, na kaka yangu Idrisa atanicheka. Wewe nakuambia kwa sababu nilikubeba mgongoni ukiwa na surua nikishuka na kupanda, nikiogopa vilevile, na hukumwambia mtu."

Hapo anacheka kidogo. Halafu anasema:

"Baba yako angekuwepo angekaa kwenye benchi pale nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Hayupo. Njoo ukae wewe. Huna haja ya kuingia wala kusema kitu. Nikijua uko kwenye benchi, wakate mpaka watakapochoka. Kazi yako naijua, tajiri wako nimesikia ni mkali. Siku mbili zinanitosha. Usiniandikie mengi, Zakia atasoma. Sema tu nimekubali, nami nitajua unakuja. Nitakungoja."

Kisha akabaki anatazama kamera, kama anasubiri nimjibu papo hapo. Akakuita uje uzime.

Basi. Hakukataa hospitali. Alikuwa ananisubiri. Ulimtii mama, na mama alikuwa ameshikilia neno langu. Ningeandika tu kwamba diski haisomi, ungeuliza, mngegundua, ningekuja. Ningekuja, Zakia? Nataka kusema ndiyo. Lakini ninaona nilikuwa na Maulidi, nikawa na mwisho wa mwezi, na mwingine.

Diski nimeiacha ndani ya mashine. Ukitaka itazame. Ukitaka kumwambia mjomba, mwambie, na watu wote walionishika mkono. Sitakana.

Kaka yako,
Ismaili


Bumbuli,
19 Desemba 2004

Kaka Ismaili,

Assalaam alaykum. Shikamoo.

Barua yako niliisoma shambani nimesimama. Niliposhika jembe tena sikujua ninalima nini, nikakata miche yangu mwenyewe. Nilikaa na hasira wiki nzima. Omari akaniuliza, nikamwambia ni kichwa. Kisha siku ambayo watu wote walikwenda sokoni nilifunga mlango nikaiwasha mashine.

Ni kama ulivyoandika. Hukuongeza wala kupunguza. Nakushukuru kwa hilo, maana ungeweza kuniacha nilivyokuwa, na nilikuwa nakaribia kuugua. Kwa mjomba sitakwenda mimi. Ukija utamwambia wewe. Ni mzee, usichelewe.

Lipo moja ambalo hulijui, na sikuona sababu ya kukuandikia wakati ule, maana nilidhani ni mambo ya wagonjwa tu. Tangu nilipomsomea "nimekubali", mama akawa kila siku mchana ananiita nimwoshe, nimpake mafuta, nimvishe gauni la Idd na ile kanga ya kijani. Nikimwambia mama pumzika, utachoka, hasikii. Nilikuwa namsogeza dirishani na mto mgongoni. Basi la Dar likipiga honi kule kwenye kona ya chini alikuwa ananiambia, "Zakia, toka ukatazame nani ameshuka." Natoka, natazama, narudi namtajia. Mama wa machungwa ameshuka. Walimu wawili. Mtoto wa Fanueli na godoro. Alikuwa anasikiliza mpaka wa mwisho, hanikatizi. Nikisema wamekwisha, ananiuliza, "Hakuna mwingine?" Nami najibu hakuna.

Basi hapo ananyoosha mikono na kusema, "Haya, nivue."

Mdogo wako,
Zakia